Gari Lililopimwa Mzee Akiwa Ndani

Baba mkwe alimzaba mume wangu kofi kwa sababu ya gunia la viazi. Mume wangu, mtu mzima, mkulima wa chai, ana ndevu na ana mtoto, akapigwa kofi uani mchana kweupe mpaka kofia ikarukia kwenye migomba. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, nimejificha kama mila inavyotaka, na mlio wa kofi lile niliusikia wazi kabisa. Nilikuwa na mwiko mkononi. Namshukuru Mungu ulikuwa mwiko tu.

Gunia lile lilikuwa wazo langu, na lilikuwa wazo zuri. Nalisema mpaka leo.

Niliolewa Kawetele, kwenye mji ambao bado wanashika mila ya zamani: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wanyakyusa wanaiita ukutila, yaani kuogopa. Nikisikia fimbo yake inagonga njiani, natoka njiani, naingia migombani, najifunika khanga mpaka apite. Hatusalimiani, hatuli pamoja, hatupandi gari moja. Vijana wengi wameshaiacha mila hiyo, na kanisani wapo wanaoicheka, lakini mzee yule hakuwa mtu wa kuacha kitu. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa sauti, kwa harufu ya tumbaku, na kwa mgongo. Mgongo ulikuwa mpana kama mlango.

Na alikuwa mkali, jamani. Ujana wake wote aliendesha malori ya chai, na mikono yake ilibaki ya kukata kona na kupiga watu. Aliwapiga wanawe wakiwa wadogo, akawapiga wakiwa na wake. Aliwahi kuipiga redio fimbo kwa sababu mtangazaji alimkera. Mimi sikuwahi kupigwa naye, kwa sababu ili unipige lazima unione.

Kitu pekee ambacho mkono wake haukukigusa kwa ubaya ni gari lake. Gari la Kifaransa, refu, rangi ya krimu, alilolinunua kabla hajazaa. Kiti cha dereva kilikuwa chake peke yake. Wajukuu waliruhusiwa kuruka kwenye viti vingine vyote, lakini pale hapana. Mume wangu hajawahi kukikalia kiti kile, wala kaka zake, hata gari likiwa limezimwa. Kuku alirukia pale siku moja, jioni tukamla.

Kila Jumapili mzee alimpakia binti yangu kiti cha mbele kumpeleka kanisani mjini. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Mkanda wa kiti ulishaoza zamani. Sisi wazazi tulikwenda kwa miguu, mimi kwa sababu ya mila, mume wangu kwa sababu yangu. Mtoto alirudi ananukia tumbaku na pipi ya mnanaa, anasimulia safari nzima. Babu alimpenda, hilo siwezi kulikataa.

Masika moja gari likateleza kwenye mteremko wetu na kuingia mtaroni. Mzee akalirudisha nyumbani gurudumu la mbele la kushoto likiwa limelala, anawatukana wanawe kana kwamba wao ndio walioileta mvua. Wanawe wakaitwa. Wakalifunga gari kwa mnyororo kwenye mparachichi, wakaazima trekta la jirani, wakavuta. Mti ukalia, gari likalia, tawi likakatika na kumpiga mmoja wao begani. Wakaufungua mkono wa chuma unaolishika gurudumu kwa chini, wakauweka kwenye moto wa mkaa, wakaupiga kwa nyundo kubwa asubuhi nzima. Mzee kakaa kwenye kigoda na fimbo, na kila nyundo ilipokosea, fimbo haikukosea.

Nilikuwa naangalia kutoka migombani, damu inanichemka. Baba yangu mzazi alikuwa na gereji pale Kyimo, kando ya barabara kuu, na mimi nimelelewa chini ya magari. Kunyoosha chuma walinyoosha vizuri, siwanyimi haki yao. Hata kupima magurudumu walipima kwa uzi kama alivyopima baba yangu: unautandaza uzi ubavuni mwa gari, kila upande, unapima umbali wa ukingo wa mbele wa tairi na wa nyuma, unajua kama magurudumu yanatazama mbele au yanatazama pembeni. Uzi ulisema yamenyooka. Wakashangilia, wakala nyama.

Lakini walilipima tupu. Gari la zamani springi zake zimechoka, na baba yangu alikuwa halipimi gari la namna hiyo mpaka libebe kile linachobeba kila siku. Mzee yule alikuwa mnene hasa. Akikaa kwenye usukani, upande mzima wa kulia unashuka, na magurudumu ya mbele yanageuka. Fundi yeyote angekaa kwenye kiti kile akaona. Katika mji ule hakuna aliyethubutu kukikalia, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee aje akae apimwe. Kwa heshima zao wakalipima gari bila mwenye gari.

Nilianza kuona tairi la kushoto linaliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zikatokeza. Nikajisemea labda ni barabara. Halafu siku moja mtoto, anacheza na sahani jikoni, anaizungusha kama usukani, akasema, "Babu akishika breki, gari linakimbilia bondeni. Babu anapigana nalo."

Njia ya kwenda mjini inashuka, inakata kona, inafika kwenye daraja, na kushoto kwa daraja hakuna ukuta wala mti, ni bonde na mawe na maji. Nikamwona mwanangu kule chini. Nilimwona kabisa.

Nikamwambia mume wangu. Akasema Mungu atasaidia, mzee ni dereva wa siku nyingi. Nikarusha sufuria. Sikulenga kumpata, na halikumpata, lakini lilibonyea na mpaka leo halikai sawa jikoni. Nikamwambia kama anamwogopa baba yake kuliko anavyompenda mwanawe, aseme sasa hivi nijue nimeolewa na nani. Akanywea. Tukakubaliana: mzee akilala mchana, yeye ataweka gunia la viazi lililojaa kwenye kiti cha dereva, na lingine juu yake, tupate uzito, nami nitaingia chini na spana.

Akaweka la kwanza. Mzee akaamka kabla ya saa yake. Akatoka nje akakuta gunia limekalishwa kwenye kiti chake, limeegemea, linatazama barabara.

"Nimekufa?" akauliza. "Nimekufa ndipo mmeniwekea gunia mahali pangu?"

Ndipo kofi likatoka. Halafu akaingia ndani, akarudi na panga, akalichana gunia palepale kwenye kiti, kama anayepasua tumbo la nguruwe. Viazi vikamwagika, vikateremka mteremko mzima mpaka kwa mbuzi. Mume wangu alisimama kashika shavu, hakusema lilikuwa wazo la nani. Kwa hilo nilimsamehe mengi.

Jumapili ikaja, nikasema mtoto anaumwa. Iliyofuata nikasema vilevile. Mzee akatuma neno kwa mume wangu: kama mkamwana ananinyima mjukuu, arudi kwao Kyimo. Hapo moto ulinipanda. Nikasema sawa, potelea mbali, gari lile halitoki.

Jumamosi mzee akaenda msibani Lupepo kwa gari la watu. Gari lake lilikuwa limeegeshwa kama kawaida kwenye sakafu ya kuanikia kahawa, sehemu pekee ya tambarare kwenye mji ule, pengine Kawetele nzima. Nilichukua vyombo vya ufundi vya marehemu baba, nikaingia chini. Gari lile lina tumbo la juu, mtu unaenea. Nikaanza kuzigonga tairodi, vile vyuma viwili vinavyounganisha usukani na magurudumu. Zilikuwa zimeshika kutu. Nikapiga nyundo kwa hasira zangu zote: pigo la mume wangu, pigo la gunia, pigo la kujificha migombani kama mwizi. Zikaachia. Sasa hata mzee angezungusha usukani mpaka kesho, magurudumu yasingemsikia.

Nilikuwa bado chini niliposikia sauti yake. Msiba ulikuwa na ugomvi, wamepigana huko, amerudi mapema na hasira za kule hazijaisha. Mume wangu akamkimbilia kumzuia. Nikasikia anasukumwa, nikasikia anaanguka kwenye ndoo. Fimbo ikaja ikigonga saruji, haraka, inakuja kwangu. Niliikunja miguu lakini haikuingia yote, ilibaki nje na khanga yangu mpaka magotini.

Fimbo ikasimama ghafla.

Mtu yule aliyekuwa hamwogopi mtu aligeuka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Niliona visigino vyake. Mila niliyoilaani miaka yote ndiyo iliyosimama kati yangu na fimbo ile. Hakuweza kuniburuta, hakuweza hata kuinama. Akabaki amenipa mgongo, akaanza kulipiga gari, gari lake mwenyewe, kwenye paa, kwa mkono alioupeleka nyuma. Rangi ilidondoka kwenye miguu yangu. Akaliuliza gari ni nani kaliruhusu lifunguliwe, ni nani kalivunja miguu, akaliambia mtu huyo leo atamjua.

Nami nikalijibu gari.

"We gari," nikasema kwa sauti, "huna kosa. Walikupima mtupu. Anayekuendesha ni mzito, akikaa unageuza magurudumu, akishika breki unakimbilia bondeni. Siku moja utamtupa pale darajani na mwanangu. Na mwanangu akifia humu ndani, nitakuchoma moto, na aliyekuendesha nitamchoma na wewe, awe mzima awe maiti."

Maneno yale mkamwana hayasemi, na mimi mwenyewe nilijua nimevuka. Nilisikia pumzi yake tu, nzito, ya mtu aliyetoka kupanda mlima. Nikasema moyoni, sasa anakwenda kuleta panga.

Mlango wa gari ukafunguka. Gari zima likashuka juu yangu, upande wa kulia, vyuma vikanisogelea uso. Nilidhani analiangusha aniue. Kumbe amekaa. Amekaa kwenye kiti chake, juu ya mkamwana wake, kati yetu bati tu, kitu ambacho katika ukoo ule labda hakijawahi kutokea.

"Gali," akasema. Kwake lilikuwa gali siku zote. "Waambie wapime."

Mume wangu akainuka kwenye ndoo, akaleta uzi. Akaning'iniza shuka kwenye kioo cha mbele ili mzee asinione nikipita. Nikarudisha tairodi, nikamwambia mume wangu amwambie mzee gari litikiswe ili springi zikae, na mzee akaruka-ruka kitini kwa hasira, sakafu nzima ikatetemeka. Mume wangu akapima na kusoma, mimi nikazungusha nati kwa chini, kidogo, tena kidogo, mpaka uzi ukasema kweli. Mikono yangu ilikuwa inavuja damu na sikujua ni saa ngapi niliumia. Tulipomaliza, mzee aliliendesha peke yake mpaka Kyimo na kurudi. Aliegesha, akaingia ndani kulala.

Kesho yake mtoto akapanda.

Sisi tulishika njia ya juu ya miguu, ile inayoiona barabara. Sikuondoa macho. Walipokaribia daraja, pikipiki ikatokea upande wa pili imebeba mikungu ya ndizi iliyokaa mkingamo, ikayumba, ikaanguka katikati ya barabara. Mzee akakanyaga breki. Tairi zikapiga kelele, moshi ukatoka.

Gari likasimama limenyooka, upande wake wa barabara, bila kusogea kuelekea bondeni hata kidogo.

Nilishuka mteremko kwa matako na magoti, khanga ikabaki kwenye miiba. Nilipofika chini mzee alikuwa ameshamkunja shati mwenye pikipiki, anamtandika kwa fimbo na kwa mkono, na waumini waliokuwa wakienda kanisani wamemshika kiuno wanashindwa kumvuta. Nikafungua mlango. Mtoto alikuwa amejiuma mdomo, damu imechuruzika kwenye gauni jeupe, analia kwa sauti nzuri ya mtu aliye hai. Nikamkumbatia mpaka akalalamika namuumiza.

Nilipogeuka, mzee alikuwa mbele yangu. Uso kwa uso. Sikuwahi kuuona uso ule: macho madogo, kovu kwenye kidevu. Mikono iliyokuwa inapiga mtu sasa hivi ilikuwa imeiachia fimbo.

"Mtoto mzima," akaniambia. "Mchukue."

Aliniambia mimi, siyo gari. Halafu tukakumbuka, sote wawili, tukageuziana mgongo mbele ya watu wote. Waumini walicheka sana baadaye, lakini pale hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo mila ikarudi kama ilivyokuwa. Nikasikia fimbo, nikaingia migombani. Isipokuwa gari likitaka kitu, mzee alikuwa analiegesha kwenye sakafu ya kahawa, anakaa kitini, anakohoa. Nami nakuja kwa nyuma na vyombo vyangu, naingia chini. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo na mtu.

Mwaka huu mvua zilipopungua, gari likaanza kuvuta pembeni tena. Safari hii lilivuta kulia. Mzee akagomba na mume wangu, akawatukana wauza vipuri wa mjini, akavunja fimbo kwenye ngazi. Nikaingia chini. Nikashika boljointi, vile viungo vya gurudumu, moja moja, nikazitikisa: ngumu. Bushi zake za mpira nzima. Tairodi zimekaza kama nilivyoziacha. Nikatafuta ubaya nikaukosa, na mimi ubaya wa gari haunikimbii. Nikamwambia mume wangu amwombe mzee akae.

Mlango ukafunguka. Nikajiandaa gari linishukie kama kawaida.

Halikushuka.

Nikasubiri, nikidhani bado hajakaa. Halafu nikasikia kikohozi chake juu yangu, palepale kitini, na vyuma viko mbali na uso wangu kama gari halina mtu. Miezi yote ile nilikuwa namwona mgongo tu, kwa mbali, ndani ya koti lake kubwa. Wanawe walikuwa wanamwona kila siku, na kwa kuwa alikuwa bado anawapiga, walidhani ni mzima, kumbe mwili ulishaisha ndani ya koti.

"Kimeharibika nini?" akauliza kutoka juu.

Nikaiweka spana kifuani. "Hakijaharibika kitu, Baba," nikasema. "Springi zimekosa mzigo."

Nilimwita Baba, na hakunikemea. Nikasikia kiganja chake kinapapasa usukani.

"Basi mtoto asipande tena na mimi," akasema.

Nikamwambia tutapima upya, gari litanyooka kama zamani. Akasema pima. Lakini mtoto asipande.

Mume wangu nje akavuta uzi, akasoma vipimo kwa sauti ya kila siku, hana hili wala lile. Nikalegeza nati, nikaanza kuligeuza gurudumu lifuate uzito aliobaki nao baba yake. Halafu nikashika nyundo, nikaupiga ule mkono wa chuma, nikaupiga tena na tena, na hapakuwa na kitu cha kunyoosha. Mume wangu akauliza kama nati imegoma. Nikamwambia ndiyo, imegoma.